UZI: Kabla hujaamini asilimia za utafiti wa urais, uliza wavuvi walikuwa wapi siku hiyo

Mdadisi Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Jana kwenye kundi la WhatsApp la wachuuzi wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, mtu katupia picha. Sura tatu za wanasiasa wa Kenya, kila mmoja na asilimia yake chini ya kidevu, juu kumeandikwa kwa herufi kubwa UTAFITI MPYA 2027. Aliyeufanya hayupo, tarehe haipo, idadi ya walioulizwa haipo. Saa moja haijaisha watu wawili wameshawekeana gunia. Gunia la dagaa wakuu, siyo soda.

Nikamkumbuka mjomba. Mwaka 2022 alikuwa na mteja wake wa Kisumu, wakabishana urais mpaka wakawekeana magunia mawili. Mjomba alikuwa na hayati Raila, na kusema kweli alikuwa na sababu: wiki moja kabla ya uchaguzi kampuni ya utafiti ya Ipsos walimpa Raila 47 na Ruto 41, na tafiti nyingine kubwa zilielekea huko huko. Matokeo yalipotangazwa, Ruto 50.49, Raila 48.85. Mjomba alilipa magunia yake kimya kimya, ila mpaka leo ukimtajia utafiti anasema, "Wale waliniuzia dagaa wa mchanga."

Mimi nasema hakuuziwa mchanga. Alisoma vibaya. 47 na 41 ni 88. Waliobaki 12 ni akina nani? Wagombea wadogo walichukua kipande, wengine wote ni waliosema hawajaamua au waliokataa kujibu. Pengo kati ya wawili lilikuwa pointi 6. Kapu la wasiosema lilikuwa linatosha kupindua meza, na mjomba hakulitazama hata mara moja. Aliona namba kubwa iko upande wake, akafunga hesabu.

Kabla sijaendelea, tukubaliane maneno, maana hapa kwetu tunachanganya. Mtu akisema "kura za maoni" Tanzania, nusu ya wasikilizaji wanawaza mchujo wa ndani ya chama kupata wagombea, na wengine wanawaza ile kura ya Katiba Inayopendekezwa ya 2015 ambayo iliahirishwa. Mimi nazungumzia mdadisi anayegonga mlango au kupiga simu na kuuliza: uchaguzi ungefanyika leo, ungempigia nani?

Nimekuwa mdadisi huyo misimu miwili, kampuni siitaji. Fulana, kitambulisho, kishikwambi, na boti la kwenda visiwani. Karatasi ya maelekezo ilikuwa safi sana. Unaanzia alama fulani, labda shule au zahanati, unahesabu kaya, unaingia kila ya tano. Ndani ya kaya huchagui unayemtaka. Unaorodhesha watu wazima wote, halafu mashine inakuchagulia mmoja. Akiwa hayupo unarudi, hayupo tena unarudi, mara ya tatu ndipo unaruhusiwa kubadilisha kaya.

Sasa peleka karatasi hiyo kwenye kambi ya wavuvi Ukerewe.

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Taa inawashwa, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinashuka. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, kwa hiyo boti nyingi zinapumzika. Maana yake kuna siku za mwezi ambapo ukifika kambini saa nne asubuhi, vijana wote wa kiume wamelala kama magogo. Walioko nje ni akina mama wanaoanika, watoto, na wazee. Mashine inakuchagulia kijana wa miaka 24. Kamwamshe uone. Nilitukanwa kwa Kijita, kwa Kikerewe na kwa lugha moja ambayo hadi leo sijaitambua. Msimamizi naye anapiga simu kutoka mjini: leo madodoso mangapi? Unafanyaje? Unabadilisha kaya. Na ukibadilisha, unampata aliye macho.

Wiki mbili baadaye mbalamwezi imetoka, ukienda kambi ile ile unawakuta wanashona nyavu na wanacheza drafti, wanaongea siasa mpaka unaomba po. Kambi ni ile ile na swali ni lile lile, ila waliojibu ni wengine. Kwenye ripoti inaandikwa tu "mkoa wa Mwanza, vijijini".

Hilo ni la kwanza. La pili linaniuma zaidi.

Ili uingie kijijini lazima upite kwa mtendaji, na mtendaji anakupa mtu wa kukutembeza. Mara nyingi ni balozi wa nyumba kumi. Ni msaada mkubwa, maana bila yeye mbwa watakumaliza. Lakini balozi ni kiongozi wa shina la chama, na kila mtu anamjua. Maelekezo yanasema umwombe akae mbali. Anakaa mbali, hatua kumi, chini ya mwembe, anasikiliza. Unafika swali la urais, mama anamtazama balozi, ananitazama mimi, anatazama fulana. "Nani kakutuma?" Namweleza. "Jina langu linaandikwa?" Namweleza tena. Kisha anajibu, na jibu lake naliandika kama lilivyo. Nimeandika "sijaamua" nyingi sana ambazo macho ya mtu yalikuwa yameamua tangu mwaka juzi.

Kwa hiyo mimi nikiona utafiti siangalii kwanza nani anaongoza. Natafuta waliosema hawajui na waliogoma. Wakiwa wachache mno mahali ambapo watu wanaogopa kusema, nashtuka. Wakiwa wengi kuliko pengo la wagombea wawili, naweka simu mfukoni na kuendelea na kazi.

Karibuni. Matusi pelekeni jukwaa lingine.

---

Ngosha wa Igoma

Nimepiga kambi hapa. Ila mkuu swali la kijinga: watu 1,500 wanawezaje kusemea watu milioni 60? Mimi sijawahi kuulizwa, mke wangu hajawahi, jirani hajawahi. Mtaa mzima wa Igoma hakuna aliyeulizwa!

---

Mdadisi Mstaafu

Siyo la kijinga, ndilo wanaloanza nalo wote. Wewe si unanunua mchele wa jumla? Unatumia nini kuujua?

---

Ngosha wa Igoma

Bambo.

---

Mdadisi Mstaafu

Haya. Unachoma bambo kwenye gunia, kinatoka kiganja kimoja, unajua kuna chenga kiasi gani. Gunia likiwa la kilo 50 au la kilo 100, kiganja ni kile kile. Ukubwa wa gunia hausumbui. Kinachosumbua ni ulipochoma. Ukichoma juu tu pale muuzaji alipokupangia mchele mzuri, hata uchome mara elfu utadanganyika mara elfu.

Kwa hesabu, watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli wanakupa kosa la pointi 3 hivi kila upande. Ukiongeza wakawa 2,000, kosa linashuka hadi 2 na kidogo tu. Umelipa karibu mara mbili kupunguza pointi moja, ndiyo maana wengi wanaishia hapo. Na msisahau kosa hilo ni la kila mgombea peke yake. Pengo kati ya wawili linayumba karibu mara mbili yake. Mtu akiongoza kwa 4 kwenye utafiti wa watu 1,000, kitaalamu bado hajaongoza.

---

Hesabu za Darasa la Saba

Kuongezea hapo kwenye kuchoma juu. Marekani mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Milioni mbili, wazee! Wakatangaza mgombea Landon anamshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina waliyoyatumia yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, kipindi ambacho uchumi umeanguka na maskini hana hata nauli. Halafu waliojibu ni wale waliokuwa na hamu ya kujibu. Mtafiti Gallup na sampuli ndogo mno kuliko hiyo akampata mshindi.

---

Dada wa Kamanga

Na wasidhani ni mambo ya kale. Nigeria 2023 kuna utafiti ulifanyiwa Bloomberg na kampuni ya Premise, watu waliulizwa kupitia programu ya simu janja. Kati ya waliosema wameshaamua, theluthi mbili walikuwa na Peter Obi. Kura zilipohesabiwa Tinubu alipata kama 37, Atiku 29, Obi 25. Mwenye simu janja na bando Lagos siyo mama wa Sokoto.

Sasa fikirieni hapa kwetu. Zile kura za kubonyeza kwenye mitandao, "comrade piga kura hapa", watu elfu 40 wamebonyeza, na mtu anaituma kwenye kundi la ukoo kama ushahidi! Shangazi yangu Sengerema ana kitochi. Hajabonyeza popote, ila siku ya kura anaamka saa kumi usiku kupanga foleni.

---

Mzee wa Furahisha

Vijana mnasumbuka na vishikwambi. Kipimo cha kweli ni uwanja. Mimi 2015 nilikuwa Furahisha, watu walikuwa mpaka juu ya mawe. Mafuriko! Utafiti ukasema eti Lowassa ana 25. Nilicheka mpaka nikakohoa.

---

Dada wa Kamanga

Shikamoo mzee. Na upande wa pili wa kampeni ulikwenda au hukwenda?

---

Mzee wa Furahisha

Marahaba. Nilikwenda. Wasanii walikuwepo, nikae nyumbani nifanye nini?

---

Dada wa Kamanga

Basi umehesabiwa mara mbili, mzee wangu.

---

Mdadisi Mstaafu

Nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda ananishangaa.

Lakini mzee asibezwe, ana nusu ya hoja. Tuuweke mwaka 2015 mezani. Shirika la Twaweza, kupitia utafiti wao wa simu uitwao Sauti za Wananchi, walitoa Septemba: Magufuli wa chama tawala 65, Lowassa wa upinzani 25. Ipsos nao mwezi huo huo: Magufuli 62, Lowassa 31. Tume ya Uchaguzi ikatangaza Magufuli 58.46, Lowassa 39.97. Wote wawili walimpata mshindi. Wote wawili walimpunja aliyefuata, na Twaweza walimpunja pointi 15. Hilo siyo kosa la bahati nasibu, sampuli haiyumbi hivyo.

Pointi hizo 15 zilikwenda wapi? Mimi nina sababu tatu, na sijui ipi ina uzito zaidi. Simu za Twaweza zilipigwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, na kampeni zilikuwa zimeanza Agosti 22 tu, kwa hiyo wiki nyingi za mikutano zilikuwa bado. Pili, utafiti wao ulikuwa wa Tanzania Bara. Tatu ni yule mama na balozi wake. Kumwambia mtu usiyemjua kwenye simu kwamba unapigia upinzani siyo sawa na kumwambia unapigia chama tawala. Gharama ya majibu hayo mawili haifanani hata kama kisheria inafanana.

Halafu niwape Twaweza sifa kwa jambo moja. Walijua simu za watu wenyewe zingewaletea wanaume wa mjini watupu. Kwa hiyo waliwafuata watu majumbani kwanza, wakawachagua, wakawapa simu na chaja ya sola, kisha wakawa wanawapigia. Hilo ni kuchoma bambo mpaka katikati ya gunia. Ila simu uliyopewa na mtafiti nayo ina mdomo. Ukiiona inaita unajiuliza: waliotoa hii wanataka kusikia nini?

---

Fundi Karabai

Mkuu unazunguka mbuyu. Unapima utafiti kwa matokeo ya Tume. Je, mtu asiyeyaamini matokeo ya Tume? 2020 ilitangazwa Magufuli 84 kwa 13 za Lissu. 2025 ikatangazwa Samia 97.66. Utafiti upi wa kawaida, hapa au Ulaya, ungefika 97? Rula yenyewe unayopimia imepinda au haijapinda, nani anajua?

---

Mdadisi Mstaafu

Umegusa mahali pazito na sitakimbia. Utafiti una thamani pale tu ambapo kuna kitu huru cha kuusahihisha. Marekani mwaka 2016 watafiti waliaibika Wisconsin, Michigan na Pennsylvania, wakarudi kwenye madodoso wakagundua tafiti nyingi za majimbo zilikuwa na wasomi wengi mno na hazikurekebisha uzito wao. Waliweza kugundua kwa sababu hakuna aliyebisha kwamba kura zimehesabiwa. Mahali ambapo watu wanabishania hesabu yenyewe, mtafiti akikosea hajui kakosea wapi, na akipatia hajui kapatia kwa nini.

Na kuna upande mwingine. Utafiti nao unaweza kuwa rula ya kumpimia anayetangaza, ndiyo maana unaogopwa. Mnakumbuka Julai 2018? Twaweza walitoa kwamba wanaokubali utendaji wa Rais Magufuli wameshuka hadi 55, kutoka 71 mwaka uliotangulia na 96 mwaka 2016. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) wakawaandikia barua kuuliza kibali. Mkurugenzi wa Twaweza wakati huo, Aidan Eyakuze, akachukuliwa pasipoti. Mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ikakazwa dhidi ya wanaotangaza takwimu, kisha 2019 ikalegezwa. Baada ya hapo, mdadisi akigonga mlango wako Misungwi, utamjibu kama ulivyomjibu 2015?

---

Ngosha wa Igoma

Mimi namjibu niko na mgeni.

---

Jirani wa Dunga Beach

Habari zenu ndugu wa upande wa pili wa ziwa. Nasoma uzi huu nikiwa Kisumu na nina haya machache.

Huku kwetu tafiti ni kama msosi, kila wiki kuna mpya, na kila mwanasiasa ana yake. Lakini kuna sheria ya 2012 inayomlazimu anayetangaza aseme nani amelipia, wameulizwa watu wangapi na kwa njia gani, na siku tano kabla ya uchaguzi haruhusiwi kutangaza. Kwa hivyo hiyo picha ya kundi lenu isiyo na jina wala tarehe, hata huku haingepita.

Kuhusu 2022, mleta uzi umesahau kitu kikubwa. Waliojitokeza. Mwaka 2017 Agosti walipiga kura zaidi ya asilimia 75. Mwaka 2022 wakashuka hadi 65 hivi. Pengo la mwisho lilikuwa kura kama 233,000 tu. Mtu anaweza kumwambia mtafiti "mimi ni wa Baba", yaani Raila, kwa moyo mweupe, halafu asubuhi ile aamue kwenda kuuza samaki. Hajadanganya, ila hakuenda. Watu wetu hapa walijitokeza, lakini kuna maeneo mengine ya ngome yalilala. Utafiti unauliza unampenda nani, hauna njia nzuri ya kujua kama utaamka.

---

Mdadisi Mstaafu

Asante sana jirani, nimekubali kukosolewa. Sisi tulikuwa na swali la "je, utapiga kura?" na karibu kila mtu alisema ndiyo. Nani atamwambia mgeni mwenye fulana kwamba hatapiga? Hilo swali ni kama kumuuliza mtu kama anamsalimia mama mkwe.

---

Hesabu za Darasa la Saba

Sasa mkuu tupe neno. Tuziamini au tusiziamini?

---

Mdadisi Mstaafu

Mimi naziamini kama ninavyouamini utabiri wa hali ya hewa ziwani. Hauniambii boti langu litazama au halitazama. Unaniambia upepo umekuwa ukigeukia wapi. Utafiti mmoja siupi hata soda. Utafiti wa taasisi ile ile, swali lile lile, mara tatu au nne mfululizo, ukionyesha mtu anapanda kila mara, hapo nakaa vizuri kwenye kiti. Na nikiona taasisi tatu zimepishana sana, siandiki wastani, nauliza nani aliuliza kwa simu, nani aligonga milango, nani alilipa. Mteja akiwa ni chama chenyewe, ripoti mbaya inabaki kabatini, wewe unaletewa ile nzuri tu.

---

Fundi Karabai

Na mwezi je? Umeanza na mwezi halafu umeuacha.

---

Mdadisi Mstaafu

Sijauacha, nilikuwa natafuta kalenda.

Uchaguzi wa Kenya kikatiba ni Jumanne ya pili ya Agosti, kwa hiyo ni tarehe 10 Agosti 2027. Toa siku tano za jirani yetu, tafiti za mwisho zitatoka tarehe 4 hivi, na zitakuwa zimeuliza watu siku chache kabla. Sasa tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na jua halipatwi ila mwezi ukiwa gizani kabisa. Mnaona? Wiki ile ya madodoso ya mwisho ndiyo wiki ya giza. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, wa Mbita na Homa Bay watakuwa ziwani usiku, mchana wamelala. Mdadisi atafika, atamkuta mama anaanika, ataandika.

---

Jirani wa Dunga Beach

Haki ya Mungu sijawahi kuona mtu akipiga hesabu kama hii. Nampelekea binamu yangu, yeye ndiye mdadisi huko Mbita.

---

Mzee wa Furahisha

Na lile gunia la kundini limeishia wapi?

---

Mdadisi Mstaafu

Liko stoo kwa mwenyekiti wa kundi, limefungwa kamba nyekundu, halitafunguliwa mpaka Agosti 2027. Leo nimepita pale. Limeshaanza kunuka, na wale wawili sasa wanabishana nani alipe kodi ya stoo.